Server yetu ya mvua ilikufa na meseji za marehemu baba ndani

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo.

Mimi huwa nasoma tu humu, nacheka, naenda. Leo nimeamua kuandika. Hii haikutokea kwa rafiki ya rafiki, imenitokea mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha na mradi sitautaja. Hayo mengine ni vile yalivyokuwa.

Wale wa IT mtanielewa haraka. Wale wengine msiogope, nitaenda polepole.

Niiteni Kirimi. Kwetu ni Githongo, huku Meru, lakini kazi yangu iko Nchiru, kwa mradi mdogo wa kupima mvua. Ofisi ni vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la photocopy, katikati ya hostel za wanafunzi. Mchana kuna muziki kila upande, na kila mtu anadhani wake ndio mzuri.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza.

Kuna wakulima kuanzia huku Imenti mpaka chini kabisa Mbeere ambao tumewapa kipima mvua. Ni kopo limefungwa juu ya nguzo, ndani kuna chupa yenye mistari. Kila asubuhi mtu anatoka, anasoma mstari, ni milimita ngapi, anatutumia SMS. SMS inaingia kwa computer yetu. Computer inachukua namba inaiweka pahali pake, na maneno yoyote yaliyofuata namba inayaweka pahali panaitwa "maoni". Halafu inamjibu mtu yenyewe: "Asante, imepokelewa."

Hiyo computer ndiyo server. Msifikirie kitu kikubwa chenye taa. Ni desktop ya kawaida tu, iko chini ya meza yangu, imewekwa juu ya mawe mawili ili maji yasiingie watu wakiosha sakafu.

Na mmoja wa hao wapimaji alikuwa baba yangu.

Wacha niwaambie kidogo juu ya huyu mzee, kwa sababu bila yeye hii ni story ya disk tu.

Baba alikuwa fundi wa mbao na mkulima wa kahawa. Kwa simu alikuwa mtu wa maneno machache mno. Unampigia, mnasalimiana, anakuuliza kama umekula, unamuuliza kama kumenyesha, anasema "haya", simu imekatika. Si hasira. Nafikiri aliona simu ni ya kupeana habari, na habari ikishafika, mtu aendelee na kazi.

Siku wapimaji walipofundishwa, bosi wetu Daktari Kagendo aliwaambia: "Andika namba kwanza. Halafu kama kuna jambo la kueleza, eleza."

Baba akalichukua hilo neno "eleza" kama amri.

Mtu ambaye hakuwahi kuniongelesha dakika mbili mfululizo kwa simu akaanza kuandikia mashine kila siku. Nawawekea chache hapa, vile alivyoandika:

"14. Imenyesha na upepo. Mgomba ule wa karibu na choo umelala."

"3. Ni manyunyu. Kahawa imechanua yote, ukisimama kwa mlango shamba ni nyeupe."

"0. Jua kali. Mlango ya kanisa niliyotengeneza imekataa kufunga. Nitarudi."

"22. Mto umejaa, sikuvuka. Kirimi ukiona hii jua tuko salama."

Hiyo ya mwisho ndiyo ilinionyesha kwamba alijua nazisoma. Hatukuwahi kuizungumzia. Nikienda nyumbani mwisho wa mwezi tulikuwa tunakaa kwa benchi yake, tunaangalia ng'ombe, tunanyamaza vizuri tu.

Aliandika kwa Kiswahili, si Kimeru. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akaniambia, "Si hiyo mashine imeletwa kutoka Nairobi?"

Aliaga mwaka jana, wakati wa kuvuna kahawa. Alikuwa ameshinda shambani, jioni akasema kifua kinambana. Majirani wakamkimbiza hospitali. Mimi nilifika nikakuta watu wamesimama nje.

Sitaenda huko sana.

Tulipomaliza mazishi nilirudi Nchiru. Na nikaanza ka-tabia. Kila asubuhi kabla ya kufungua email nilikuwa nafungua ile sehemu ya maoni, natafuta kituo cha Githongo, nasoma meseji moja ya baba. Moja tu. Sikutaka ziishe, hasa zile za wiki zake za mwisho, ambazo kazi ilikuwa imenibana sijazifungua.

Kuna asubuhi nilikuwa nasoma moja ya jua nje kukinyesha, nasikia ni kama yeye ndiye amekosea hali ya hewa, natamani kumpigia nimwambie. Mkono unaenda kwa simu kabisa. Halafu unakumbuka.

Sasa tuingie kwa disk.

Ilikuwa Jumatatu. Nimeingia ofisini na chai yangu mkononi, nikasikia sauti chini ya meza. Tk. Tk. Tk. Kimya. Halafu tena, tk, tk, tk.

Mkuu, kama umewahi kusikia hiyo sauti, umeshajua. Kama hujawahi, ni kichwa cha disk kinatafuta pahali pa kusoma na hakipati, kinarudi, kinajaribu tena. Screen ilikuwa nyeusi na mstari mmoja wa maneno juu ukisema mashine haioni kitu cha kuwasha.

Nikaweka chai chini. Nikaizima kwa kuchomoa stima ukutani.

Mtaniuliza, si mlikuwa na backup?

Tulikuwa nayo. Ilipangwa na jamaa aliyekuwa kwa hiyo kazi kabla yangu, siku hizi ako Qatar. Kila siku system ilikuwa inafanya mambo mawili. La kwanza, inatoa namba za mvua na kuzituma kwa email ya Daktari. La pili, inafanya nakala ya database nzima, yaani namba pamoja na maneno, na kuiweka kwa drive D. Kila asubuhi nilikuwa naona "Backup imekamilika", rangi ya kijani.

Na kweli ilikuwa imekamilika. Ila siku hiyo, nikiwa nimefungua hiyo mashine nimepiga magoti chini ya meza, ndio niliona kwamba ndani kuna disk moja tu. C na D ni disk moja iliyogawanywa. Ni kama kuweka ufunguo wa akiba kwa mfuko ule ule wenye ufunguo.

Daktari Kagendo akaingia akanikuta hapo chini.

"Tumepoteza nini?" akauliza.

"Namba ziko kwa email yako. Zote."

"Na nini kingine?"

"Maneno. Maoni ya wapimaji."

Akapumua. "Basi Mungu ni mwema. Tafuta disk mpya uweke tuendelee, mvua ya masika imekaribia."

Wakuu, huyu mama si mtu mbaya. Alikuja mazishi ya baba, akakaa mpaka mwisho, akabeba viti na akina mama wa kwetu. Ni vile tu kwake kazi ni namba. Na mimi sikuweza kufungua mdomo kumwambia kilichokuwa ndani ya hayo maneno. Nilijua nikianza sitamaliza vizuri.

Nikaweka disk mpya. Ile ya zamani nikaifunga kwa sweta yangu nikaiweka kwa droo.

Ile mashine ikaanza upya, tupu kabisa. Nilipofungua maoni, hakukuwa na mstari hata mmoja. Nilikaa nikiangalia hiyo screen nyeupe muda mrefu. Muziki wa wanafunzi unapiga huko nje. Nikasikia ni kama tumemzika tena, na safari hii hakuna mtu alikuja.

(Ngojeni kidogo, stima imecheza hapa.)

Nimerudi.

Mchana huo simu ikalia. Ni Mwalimu Rwamba. Huyu ni mama alifundisha primary miaka mingi, akastaafu, akarudi kwake Kiambere, chini huko Mbeere karibu na dam. Mzee wake alishaaga, watoto wako mbali. Anapima mvua yetu huko, na Kiambere mvua ni ya kuombea, kwa hivyo mara nyingi anapima jua.

"Kirimi," akaniambia, "hiyo mashine yenu imenikasirikia?"

"Hapana Mwalimu. Iliharibika disk. Ndiyo nimeirudisha saa hii."

"Kwa sababu nimetuma jana, nimetuma leo, haijasema asante."

"Mwalimu, hiyo asante huwa inajiandika yenyewe. Si mtu."

"Najua ni mashine, mtoto wangu. Nimefundisha watoto, siwezi kukosa kujua mashine. Lakini hapa kwangu ndiyo hunisalimia kwanza. Ikikosa, naangalia simu mpaka chakula cha mchana."

Akaniuliza kama maelezo yake yamepotea. Nikamwambia yamepotea.

"Hata ile ya mbuzi?"

"Ya mbuzi gani?"

"Ile siku kulinyesha mpaka tukaogopa, na mimi nikawatumia sifuri. Mbuzi alikuwa ameangusha kopo. Niliwaeleza yote, mpaka rangi ya mbuzi."

Nikamshukuru, nikafungua jedwali ambalo Daktari hutengeneza na zile namba za email, nikatafuta. Kweli, siku moja katikati ya masika, vituo vyote vya huko chini vina namba kubwa, Kiambere ina sifuri. Na Daktari alikuwa ameipaka rangi nyekundu.

Nikaenda mlangoni kwake.

"Daktari, hii sifuri nyekundu ya Kiambere ni ya nini?"

"Hicho kituo nataka kukitoa kwa hesabu," akasema. "Sikiamini. Angalia mwenyewe, kila mtu amelowa, yeye ni mkavu."

"Mbuzi aliangusha kopo. Mwalimu alieleza siku hiyo hiyo."

Akatoa miwani. "Alieleza wapi?"

"Kwa maoni."

Akaangalia jedwali lake. Kulikuwa na rangi nyekundu nyingi, wakuu. Githongo pia zilikuwa mbili tatu.

"Na hizi zote zina maelezo?"

"Sijui. Kama yapo, yako kwa ile disk."

Halafu akasema polepole, "Na ya baba yako yako huko pia."

Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia, Kirimi?"

Nikaangalia dirisha. Akaelewa. Akasema, "Chukua wiki hii yote. Simu za wapimaji nitashika mimi."

Sasa hapa ndipo wale wa IT mkae vizuri.

Jambo la kwanza: disk ikianza kulia, usiiwashe washe. Kila ukiiwasha unaila. Kuna jamaa mmoja wa duka la computer hapa Meru mjini aliniambia niifunge kwa karatasi ya plastiki niiweke kwa freezer. Wengine wanasema inasaidia. Mimi niliogopa maji, sikujaribu. Mwingine akasema niipeleke Nairobi kwa wataalamu. Nikawapigia. Wakaniambia ukweli, kwamba hawawezi kuahidi, na bei waliyotaja ilinifanya nikate simu kwa adabu.

Nikaamua kufanya mwenyewe.

Nilinunua external, yaani disk ya nje, kubwa kuliko ile disk mbovu. Nikaiunganisha disk kwa computer nyingine, nikawasha kwa flash yenye Linux, system ya bure inayowaka bila kutegemea disk ya ndani, nikatumia program ya bure inaitwa ddrescue. Kazi yake ni kunakili disk mbovu jinsi ilivyo, kipande kwa kipande. Ikikuta pahali pamekufa hailazimishi, inaruka, inaendelea, halafu inarudi kujaribu baadaye. Na inakumbuka ilipofika, kwa hivyo mkikatizwa mnaendelea tu.

Tulikatizwa sana. Nchiru stima ni ya kubahatisha. Nikaazima UPS, ile betri ya kushikilia computer stima ikipotea, ya mama wa photocopy hapo chini, yeye akafunga kazi mapema siku mbili akisema, "Wewe tafuta mzee wako." Mimi sikuwa nimemwambia. Nafikiri Daktari ndiye alimwambia.

Siku ya kwanza ilienda vizuri, nikaanza hata kupiga mluzi. Siku ya pili ikafika pahali pabaya. Ile sauti ikarudi. Tk, tk, tk. Nikaizima, nikaiacha ipoe, nikaiwasha, ikasoma kidogo, ikaanza tena. Nilikuwa nimeweka kiganja juu yake kama mtu anapima mtoto homa. Ikipata joto nazima. Ikipoa nawasha.

Nilikuwa naongea nayo, wakuu. Msinicheke. Nilikuwa naiambia kwa Kimeru, kidogo tu, kidogo tu.

Mwishowe ikakataa kabisa. Ikazunguka mara moja, ikanyamaza, na haikuamka tena.

Lakini sehemu kubwa ilikuwa imeshatoka.

Kuanzia hapo sikuigusa tena disk, nilifanya kazi na ile nakala. Na hata nakala nikainakili kwanza, ndio nikiharibu moja nibaki na nyingine. Database ilikataa kufunguka kwa njia ya kawaida. Kuna namna ya kuilazimisha ifunguke hivyo hivyo ikiwa na majeraha, haikubali kuandikwa kitu, inakubali kusomwa tu. Nikaanza kutoa meseji mafungu mafungu. Ikikwama, naruka hapo, naanza mbele.

Fungu la kwanza likatoka. Nikatafuta Githongo.

"5. Mvua ya usiku. Leo nimeanza kupima, kopo ni zuri, nimelifunga kwa nguzo ya msonobari."

Meseji yake ya kwanza kabisa.

Nikasimama nikaenda nje kwa balcony, nikashika chuma, nikaangalia wanafunzi wakinunua soseji za smokie pale chini. Daktari alikuja akasimama kando yangu. Baadaye akasema, "Imefunguka?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Tulipata karibu zote za miaka ya mwanzo. Na kweli nyekundu nyingi za Daktari zilikuwa na sababu zake. Watoto walimwaga. Nyuki waliingia kwa chupa. Mzee mmoja alisafiri kwenda harusi akajumlisha mvua ya siku mbili. Daktari alikuwa anasoma anacheka peke yake.

Lakini miezi ya mwisho haikutoka. Pale disk ilipokufa ndipo zilikuwa zimeandikwa meseji mpya zaidi. Nilijaribu kila njia ninayoijua na nyingine niliuliza humu humu kwa uzi mwingine, mtakumbuka wenyewe. Hapana.

Kwa wapimaji wengine kulikuwa na njia. Tuliwaomba watutumie tena zile zilizokuwa bado kwa simu zao. Wengine walikuwa nazo, wengine walikuwa wamefuta. Nilishuka mpaka Kiambere kwa Mwalimu Rwamba kwa sababu meseji zake zilikuwa nyingi na hakutaka kuzituma moja moja. Tulikaa kwa veranda yake, ananisomea kwa sauti ya darasani, mimi naandika kwa laptop, chini huko maji ya dam yanang'aa. Akimaliza moja ananiuliza, "Umeandika?" Nasema nimeandika. Hakuendelea mpaka niseme. Alinipikia ndengu na chapati, akanizuia kuondoka mpaka jua lipungue. Aliponisindikiza barabarani aliniambia, "Ile asante umerudisha?" Nikamwambia iko. Akasema, "Sawa."

Kwa meseji za baba, ilibaki simu yake tu.

Nilienda Githongo Jumamosi. Mama alikuwa anaitunza kwa kabati, ile mulika mwizi ya kubonyeza. Kumbe kila wiki huwa anaichaji. Hakuna mtu anapiga, lakini anaichaji. Nikaiwasha, nikaingia kwa meseji, nikafungua zilizotumwa.

Hakuna kitu.

Simu za namna hiyo zingine usipoziambia ziweke, haziweki. Ikituma, imetuma, imesahau.

"Haziko?" mama akauliza.

"Haziko."

Akaichukua kwa mkono wangu, akairudisha kwa chaji, ingawa ilikuwa imejaa.

Kwa hivyo wakuu, wiki za mwisho za baba ninazo kwa namba. 6. 0. 0. 11. Sijui ile kumi na moja ilikuja na upepo ama ilikuja taratibu. Sijui alikuwa ameona nini akiwa amesimama pale kwa kopo. Hiyo nimekubali sitajua, na bado kila kukinyesha nafikiria.

Sasa mpango tuliouweka, kwa faida ya wenye server chini ya meza.

Nakala ya database nzima, namba na maneno, inatoka kila siku na inaenda kwa computer nyingine, si folder nyingine, si drive D, mashine nyingine kabisa kwa chumba cha Daktari. Ikishafika hapo, nyingine inapanda cloud, huko kwa mtandao, imefungwa na password, kwa sababu nyumba ikiungua mashine zote mbili zinaungua pamoja. Ya tatu ni external ambayo naichomoa kila nikienda nyumbani na kuiacha kwa mama Githongo, nabadilishana na ile niliyoacha mwezi uliopita. Ikikaa imechomekwa, virusi ama radi vikija vinachukua zote.

Na hili ndilo kubwa, nimeliandika kwa karatasi nikabandika ukutani: neno "imekamilika" si backup. Kila mwezi nachukua nakala moja, naifungua kwa mashine tupu, natafuta meseji fulani, naisoma kwa macho yangu. Nisipoisoma, sina backup, niko na matumaini tu.

Niliporudi nyumbani na hiyo external mara ya kwanza, mama akauliza hii nayo ni nini. Nikamwambia ni ya kazi, lakini ndani kuna maneno ya baba. Ya mvua.

"Baba Kirimi aliandika maneno?"

Hakujua, wakuu. Alidhani mzee alikuwa anatuma namba tu.

Tukakaa jikoni, yeye anachambua maharagwe, mimi na laptop kwa magoti. Nasoma kwa Kiswahili halafu namweleza kwa Kimeru. Ile ya mgomba akasema haukuangushwa na upepo, yeye baba ndiye aliugonga na mkokoteni. Tukacheka mpaka akaweka maharagwe chini. Ya mlango wa kanisa akasema mpaka leo haufungi vizuri.

Halafu nikafika moja ambayo nilikuwa nimeisoma ofisini na sikujua kama niisome hapo. Nikasita. Akaona nimesita.

"Soma."

Nikasoma.

"0. Jua. Mama Kirimi ameenda kwa dada yake, wiki imeisha hajarudi. Nyumba ni kubwa sana. Napika chai ya watu wawili nasahau. Lakini msimwambie."

Moto ukawa unalia tu. Mikono ya mama ilikuwa imesimama kwa maharagwe.

"Hiyo soma tena."

Nikasoma tena, polepole.

"Na mimi," akasema, "nilikaa huko kwa dada yangu siku hizo zote nikifikiri huyu mzee amefurahi kupumzishwa kelele yangu."

Alijifuta uso na leso. Akaangalia ile external ndogo nyeusi ikiwa mezani karibu na chumvi.

"Hayo maneno yako hapo peke yake?"

"Hapana mama. Yako pahali patatu."

Akafikiria kidogo, akarudi kwa maharagwe yake.

"Weka pa nne," akasema.

Wakuu, nimeweka pa nne.

Funzo langu ni hilo tu. Tunapopanga backup huwa tunauliza bosi atahitaji nini. Uliza pia ni nini hakitaandikwa tena na mtu yeyote duniani kikipotea, na uanzie hapo.

Mwenye disk inayolia saa hii, izime kwanza halafu niandikie hapa chini, nitajibu ninavyojua. Na kama una meseji, sauti ama picha ya mtu wako na iko pahali pamoja tu, tuambie unaihamishia wapi leo. Karibuni.